Mfuko unaopigana: karafuu, nyuzi za nano na karanga zinazochacha

Wadau, leo tuongee habari ya mifuko. Sio zile rambo zilizopigwa marufuku Bara mwezi Juni 2019. Nazungumzia kifungashio cha chakula: pakiti ya karanga, ya korosho, ya dagaa wa kukaanga. Kuna kitu wanasayansi wa Uchina, Irani, Brazili na Uhispania wamekuwa wakikihangaikia kwa miaka sasa, na mojawapo ya malighafi zake ni mafuta ya karafuu. Nimeona tulielewe jambo lenyewe mapema, kabla wauzaji hawajatufikia na maneno yao matamu.

Tuanze na tatizo. Karanga za kukaanga zikikaa sana dukani zinabadilika. Harufu inakuwa kama ya rangi ya kupaka, na ukizitafuna zinakereketa kooni. Tunasema zimechacha. Mara nyingi hapo hakuna mdudu wala ukungu. Mhusika ni oksijeni, hewa hii hii tunayovuta. Mwanga au joto likianzisha, molekuli moja ya mafuta inanyang'anywa haidrojeni yake. Inakosa utulivu, inadaka oksijeni, halafu nayo inamnyang'anya jirani. Jirani anamgeukia mwingine. Ni kama daladala ya jioni iliyojaa: wa nyuma akisukumwa anamsukuma wa mbele, mpaka konda mlangoni anaisikia. Mwisho wa fujo hiyo mafuta yanavunjika na kutoa ile harufu.

Antioksidanti ni yule abiria mwenye kifua. Akisukumwa, hasukumi. Anatoa haidrojeni yake mwenyewe na fujo inaishia kwake. Mimea imejaa vitu vya namna hiyo: katekini kwenye majani ya chai, asidi ya kanosiki kwenye rozimari, na eujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu.

Mtu atauliza, si umwagie tu mafuta ya karafuu kwenye karanga? Unaweza, ila wateja watadhani unauza pilau. Basi si uyachanganye kwenye plastiki ya mfuko? Hapo kuna shida nyingine. Plastiki nyingi za kufungia chakula huyeyushwa kwenye joto la sentigredi 150 hadi 200 na zaidi ndipo zitandazwe. Kwa moto huo, sehemu kubwa ya mafuta ya mmea inaruka hewani kabla mfuko haujazaliwa.

Ndipo inapoingia kazi ya kusokota nyuzi kwa umeme. Sio teknolojia ya jana, Anton Formhals alipewa hataza yake Marekani mwaka 1934. Unachukua kitu kinachoweza kuwa uzi, mfano zeini, ambayo ni protini ya mahindi. Unaiyeyusha kwenye spiriti yenye maji kidogo, unatia dondoo la mmea, unajaza kwenye bomba la sindano. Kwenye ncha ya sindano unapeleka umeme wa volti 10,000 hadi 30,000 (soketi ya nyumbani ni 230 tu). Mbele yake, kama sentimita 10 hadi 20, unaweka bamba la chuma. Umeme unalivuta lile tone, linachongoka, halafu linachomoka uzi mwembamba unaojipindapinda hewani huku spiriti ikikauka. Kinachotua kwenye bamba ni utando mweupe, mfano wa ule wa buibui. Moto haujatumika kabisa, kwa hiyo sehemu kubwa ya dondoo inabaki ndani ya uzi.

Wembamba wake? Nanometa mia chache, wakati unywele wa binadamu ni kama nanometa 80,000. Nimepiga hesabu: gramu 1 ya nyuzi zenye kipenyo cha nanometa 200 ina uso wa kama mita za mraba 16, yaani chumba cha mita 4 kwa 4. Ndiyo maana dondoo dogo linaweza kufanya kazi kubwa. Tena kwa kuchagua uzi wa kitu gani, mtengenezaji anaweza kulifanya dondoo litoke haraka au polepole. Utando wenyewe ni dhaifu, haubebi kilo ya karanga. Hutandikwa upande wa ndani wa kifungashio cha kawaida.

Kifungashio kinachofanya kazi kumbe si kigeni. Kile kipakiti kidogo cha "usile" unachokikuta ndani ya baadhi ya vyakula vya madukani mara nyingi kina unga wa chuma. Unapata kutu makusudi ili umeze oksijeni. Mitsubishi Gas Chemical ya Japani ilianza kuviuza vya aina hiyo mwaka 1977.

Sasa mbona hatuzioni nyuzi hizi madukani? Kwanza, kasi. Sindano moja ya maabara hutoa kama mililita 1 kwa saa. Kama asilimia 10 tu ya hiyo ndiyo uzi, unapata gramu 0.1 kwa saa nzima. Zipo mashine zisizotumia sindano, kama zilizotengenezwa na Elmarco ya Liberec, Jamhuri ya Czech, zinazokwenda kasi zaidi, ila bei yake si ya kiwanda cha vijana wanaokaanga korosho. Pili, harufu: karafuu haijifichi. Tatu, usalama. Umoja wa Ulaya uliweka kanuni za vifungashio hivi mwaka 2009, kwa sababu kinachotoka kwenye mfuko kinaishia tumboni. Kwetu Tanzania kazi ya usalama wa chakula ilihamia TBS mwaka 2019. Neno "asili" peke yake lisimlaze mtu usingizi.

Na hapa ndipo ninapotaka tuelewane. Oksijeni ni adui mmoja. Adui anayeua ni mwingine: sumukuvu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, walifariki watu 20. Karanga nazo zinaipata sumu hiyo hiyo, na inaanzia shambani na kwenye ukaushaji mbaya, kabla mfuko haujafika. Ikishaingia, hakuna uzi wa karafuu utakaoitoa. Mbaya zaidi, karanga yenye sumukuvu inaweza isiwe na harufu yoyote mbaya. Mfuko wa kisasa unaweza kuipa sura nzuri na ladha mpya, nawe ukala kwa imani. Kwa hiyo hela ya kwanza iende kwenye turubai la kuanikia na kipima unyevu. Mfuko wa nano ufuate baadaye.

Sisemi tuupuuze. Pemba wamekamua mafuta ya karafuu na makonyo kwa miaka mingi pale Wawi, na mahindi tunayo. Ingekuwa aibu mafuta yaondoke kwa madumu halafu yaturudie yakiwa mfuko wa bei mbaya.

Mnaouza karanga, korosho na dagaa, hebu tuambieni: mnafungia nini, na bidhaa inakaa muda gani kabla haijachacha?