Kabla ya kuinua gari ya koperative, tuhesabu meno ya ponti



Kila mvua zikikolea, swali linarudi kwenye mikutano: tuinue Land Cruiser na tuweke mataili makubwa ili ipite matope? Njia ya Komanda na ile ya Djugu mpaka Mahagi munazijua. Mahindi yakilala njiani siku tatu na mufuko umelowa, yanaota ukungu na bei inaanguka. Swali ni la haki. Lakini pesa ni ya wote, kwa hiyo tufanye hesabu kwanza.

Kazi ya ponti

Ndani ya ponti, ile wengine wanaita difu, kuna gia mbili: piniyo ndogo na korona kubwa. Tuchukue mfano wa piniyo ya meno 9 na korona ya meno 37. Ukigawanya 37 kwa 9, unapata 4,1. Maana yake: kardani inazunguka mara 4,1 ili gurudumu lizunguke mara moja. Namba ikipanda, nguvu inaongezeka na mbio inapungua. Vijana wa moto wanajua hii: anayebeba mizigo mulimani anaweka pinyo kubwa nyuma.

Taili kubwa linakula nguvu

Tuseme taili la sasa lina urefu wa sentimita 80 toka chini mpaka juu, na munataka la 88. Nguvu ya kuvuta inapungua karibu asilimia 9. Dereva atachezea ambreyaji kwenye matope mpaka iungue. Freni nazo zitakuwa na kazi zaidi. Tena saa ya mbio itaonyesha 40 wakati gari inakimbia 44.

Ili kurudisha nguvu: 4,1 × 88 ÷ 80 = 4,5. Yaani munahitaji gia za karibu 4,5, mbele na nyuma. Mukibadilisha ponti moja tu, siku mutakapofunga 4x4 magurudumu ya mbele na ya nyuma yatapigana, na gia zitavunjika. Kwa hiyo bei ya mataili si bei yote. Muongeze ponti mbili na kazi ya fundi anayejua kupima nafasi kati ya piniyo na korona. Ikifungwa vibaya, gia mpya zinalia na kuisha haraka.

Kujua namba ya gari yenu

Zibeni magurudumu ya mbele kwa mawe, muweke gari nyutro, mutoe freni ya mukono. Inueni gurudumu moja la nyuma kwa jeki, lingine libaki chini. Wekeni alama ya choki kwenye kardani. Zungusheni lile gurudumu mara 2 kamili, muhesabu kardani imezunguka mara ngapi. Hiyo ndiyo namba. Kama ponti ina loki, ifunguliwe kwanza. Mutu asiingie chini ya gari. Anayehesabu aangalie toka pembeni.

Kuinua si kama munavyofikiri

Resori ndefu zinainua bodi, lakini ponti inabaki pale pale. Na mara nyingi ni ponti inayogonga udongo katikati ya mifereji ya malori. Taili ndilo linaloinua ponti, tena nusu tu: sentimita 8 za taili zinaleta 4. Wakati huo magunia yamekaa juu zaidi, na gari inapinduka kwa urahisi kwenye muteremuko.

Ushauri wetu, kwa mupangilio

1. Mataili mapya ya kipimo kile kile, yenye meno makubwa ya matope.
2. Resori zenye nguvu ya kubeba muzigo, hata kama haziinui gari.
3. Vitesi fupi: dereva azifunge kabla ya kuingia kwenye matope, si baada ya kukwama. Zinaongeza nguvu karibu mara mbili au zaidi, na tayari ziko ndani ya gari.
4. Baada ya kuvuka maji mengi, angalieni mafuta ya ponti. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Yabadilishwe mara moja.
5. Kama bado gari inashindwa, hapo ndipo muzungumze mataili makubwa pamoja na ponti zote mbili.

Kwenye mukutano ujao, anayeleta pendekezo la kuinua gari alete namba tatu: kipimo cha taili, namba ya ponti, na bei ya vyote pamoja. Bila hizo, pesa ya mavuno ibaki kwenye sanduku.