Msimu wa mvua: Jinsi ya kuzuia maji katika njia ya hewa ya gari la dizeli

Barabara inayounganisha Bujumbura na Uvira kupitia Gatumba inafahamika vyema kwa madereva wa eneo la Maziwa Makuu. Mwaka 2020, na tena mwaka 2024, mafuriko yaliikumba Gatumba, na magari yakalazimika kukatiza madimbwi ambayo kina chake hakikujulikana. Kwa mwenye basi dogo au lori la dizeli, hatari haiishii katika kukwama njiani. Maji machache tu yakipita katika njia ya hewa yanaweza kuiharibu injini papo hapo, na injini hiyo ndiyo inayolipa karo ya watoto na kodi ya nyumba.

Kwa nini dizeli iko hatarini zaidi?

Injini ya dizeli haitumii cheche za plagi. Huvuta hewa tupu na kuibana vikali hadi ipate joto la kuwasha mafuta. Hewa hukubali kubanwa, maji hayakubali. Tuchukue mfano wa injini ya lita 2.5 yenye silinda nne na mbano wa 18 kwa 1. Pistoni inapofika juu, nafasi inayobaki katika kila silinda ni takriban mililita 37, yaani vijiko viwili na nusu vya mezani. Maji yakizidi hapo, pistoni hugota kabla ya kumaliza safari yake, na konrodi hupinda au kuvunjika.

Injini ya petroli mara nyingi huzimika umeme wake unapolowa. Ya dizeli huendelea kunguruma na kuvuta chochote kilicho mbele ya mdomo wa bomba la hewa.

Maji hupitia wapi?

Njia ya kwanza ni ya wazi: mafuriko, mvua kali, au kuosha injini kwa mpira wenye shinikizo kubwa. Njia ya pili ni ya kimyakimya. Katika magari yenye tabo, hewa hubanwa, ikapata joto, kisha ikapozwa katika kipoza hewa kilicho karibu na rejeta. Hewa yenye unyevu mwingi ikipozwa hivyo, mvuke wake unaweza kugeuka matone, ambayo huchanganyika na ukungu wa oili na kutuama chini ya kipoza hewa.

Hatua za kujikinga

Kwanza, jua mdomo wa bomba la hewa uko wapi. Katika magari mengi umefichwa nyuma ya taa ya mbele au ndani ya bawa la gari. Maji yasiukaribie kamwe.

Pili, fungua kasha la chujio la hewa kabla ya masika. Mengi yana tundu dogo chini la kutolea maji, nalo huzibwa na vumbi na majani. Lizibue, lakini usilipanue. Chujio la karatasi lililolowa libadilishwe.

Tatu, kagua mabomba ya mpira na vibano vyake. Hata bomba la hewa lililopandishwa hadi juu ya paa halina faida iwapo viungo vyake vinavuja.

Nne, fundi anapofanya matengenezo ya kawaida, mwombe afungue bomba la chini la kipoza hewa na kumwaga kilichotuama.

Tano, ukilazimika kukatiza maji, nenda polepole kwa gia ndogo, ili wimbi lisipande juu ya bampa. Ikiwa hujui kina, ngoja au rudi.

Gari likizimika majini

Usiwashe tena. Injini iliyozimika huenda bado ni nzima. Mara nyingi ni starta inayoimaliza. Livute gari hadi mahali pakavu, kisha fundi alikague chujio. Likiwa limelowa, atoe nozeli au plagi za kupasha joto, aizungushe injini kwa mkono hadi maji yatoke, na aangalie oili. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiliwa na maji na lazima imwagwe.

Kazi hiyo huchukua saa kadhaa na ujira wa fundi. Konrodi iliyopinda hudai injini kufunguliwa yote, na gari kulala gereji huku abiria wakitafuta usafiri mwingine.