Fangasi na bakteria wanaoozesha meno ya watoto kwa ushirika

Pitisha ulimi juu ya meno yako asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Utelezi unaousikia ni ukoga, makazi ya viumbe wadogo wa aina nyingi. Kwa miaka mingi kuoza kwa meno ya watoto kulihesabiwa kuwa kazi ya bakteria, hasa Streptococcus mutans, anayegeuza sukari kuwa asidi. Lakini kwenye ukoga wa watoto wenye meno yaliyooza vibaya, mara nyingi hukutwa pia Candida albicans, fangasi yule yule anayewaletea wachanga utando mweupe mdomoni.

Bila sukari, wawili hawa hawashikani sana. Sukari ya kawaida, hii tunayotia kwenye chai, ndiyo inayowaunganisha. Bakteria hutoa kimeng'enya kinachonata kwenye ukuta wa nje wa fangasi; sukari ikifika, kimeng'enya hicho huigeuza kuwa gundi pale pale. Fangasi, ambaye peke yake hushika jino kwa shida, sasa anang'ang'ania, na bakteria wanazidi kuongezeka. Chini ya gundi hiyo asidi hujikusanya mahali ambapo mate hayaifikii kwa urahisi kuizimua, na pH ikishuka chini ya 5.5 hivi, enameli, ganda gumu la jino, huanza kuyeyuka.

Mwaka 2014 watafiti wa Marekani, akiwemo Hyun Koo, walionyesha kwamba panya walioambukizwa viumbe vyote viwili na kulishwa sukari meno yao yalioza vibaya kuliko ya walioambukizwa kimoja. Mwaka 2022 timu ya Koo, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, iliona jambo la kustaajabisha zaidi katika mate ya watoto wenye meno mabovu: vikundi vya fangasi na bakteria walioshikamana vilisogea juu ya uso uliotengenezwa ufanane na jino, nyuzi za fangasi zikifanya kazi ya miguu na bakteria wakiwa wamebebwa.

Dawa ya fangasi pekee haitoshi, kwa sababu gundi ile huinasa dawa ya flukonazo kabla haijamfikia fangasi. Ndiyo maana mswaki, unaoubomoa ukoga wenyewe, una umuhimu mkubwa: tangu jino la kwanza, kwa dawa ya meno yenye floridi, kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto wa chini ya miaka 3. Na chupa ya juisi au maziwa yenye sukari isilale naye kitandani. Usingizini mate hupungua sana, na sukari hubaki kwenye meno hadi alfajiri.