Maji Yapotelea Wapi Nyumbani? Pima Kwanza, Kisha Ubane

Anayeteka maji kwa mtungi hahitaji kufundishwa kubana maji. Anajua ana mitungi mingapi uani, upi ni wa kupikia, upi wa kuoga na upi utabakia asubuhi. Hesabu hiyo hupotea pale maji yanapoingia nyumbani kwa bomba. Mfereji ukifunguliwa hakuna anayeona mtungi ukipungua, na mara nyingi mwenye nyumba hugundua upotevu siku bili inapofika au siku tangi linapokauka.

Ndiyo maana ushauri wa kubana maji hauwezi kuwa mmoja kwa kila mkazi wa Kaunti ya Kilifi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtu anahitaji lita 50 hadi 100 kwa siku ili atimize mahitaji yake ya msingi. Familia ya watu 6 inayotumia mitungi 5 ya lita 20 kwa siku ina lita 100 tu, yaani chini ya lita 17 kwa kila mtu. Familia hiyo haina cha kupunguza. Inachohitaji ni njia ya kutumia maji hayo mara ya pili, na njia ya kukinga mvua. Wenye kupunguza ni sisi wenye mifereji, vyoo vya kuvuta maji, mipira ya kumwagilia na matangi ya juu.

Maji yetu yanatoka wapi

Sehemu kubwa ya maji ya bomba katika kaunti hii hutoka Baricho, ambako visima vilivyochimbwa kando ya mto Sabaki huvuta maji yaliyochujwa na mchanga. Kutoka hapo husukumwa kwa pampu za umeme hadi Malindi, Kilifi na miji mingine, na mengine huendelea hadi Mombasa. Chanzo kimoja kinategemewa na watu wengi walio mbali nacho. Umeme ukikatika au bomba kuu likipasuka, mifereji ya maelfu ya nyumba hukauka. Na hata siku ambazo kila kitu kinafanya kazi, maji yanayomwagika bure kwenye nyumba zilizo karibu na mwanzo wa bomba ni maji yasiyofika kwa walio mwisho wake.

Upotevu si wa majumbani peke yake. Ripoti za WASREB, bodi inayosimamia huduma za maji nchini, zimeonyesha kwa miaka kadhaa kuwa zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni za maji nchini Kenya hayaleti malipo. Baadhi huvuja njiani, mengine huibwa kwa maunganisho haramu, na mengine hupita kwenye mita mbovu. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, huduma za maji ni jukumu la serikali za kaunti, na Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Kwa hivyo mkazi anayeripoti bomba linalovuja barabarani haombi hisani. Anadai huduma yake, na anaokoa maji mengi kuliko atakayookoa nyumbani kwake kwa mwezi mzima.

Jipime usiku mmoja

Kabla ya kununua kifaa chochote, fanya jaribio hili. Usiku, kabla ya kulala, funga mifereji yote na uandike tarakimu zilizo kwenye mita. Pasiwe na mtu wa kutumia maji wala kuvuta choo, na uhakikishe tangi la juu limeshajaa. Asubuhi, kabla ya mtu kufungua mfereji, soma mita tena. Tarakimu zikiwa zimesogea, kuna mahali maji yanavuja baada ya mita. Yuniti 1 kwenye bili yako ni lita 1,000, sawa na mitungi 50. Kwa kawaida sehemu iliyo baada ya mita ni ya mwenye nyumba kurekebisha, na iliyo kabla ya mita ni ya kampuni ya maji.

Mshukiwa wa kwanza ni choo. Tangi dogo la choo linaweza kuvuja mchana na usiku bila sauti, kwa sababu maji huteremka taratibu kwenye bakuli. Mimina chai nyeusi iliyokolea, au rangi ya chakula, ndani ya tangi hilo na usivute maji kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa ndani umechakaa. Kuubadilisha ni kazi ndogo kwa fundi bomba yeyote.

Mshukiwa wa pili ni mfereji unaodondoka. Weka kikombe chini yake na uangalie saa. Kikombe cha mililita 250 kikijaa kwa dakika 20, mfereji huo unamwaga lita 18 kwa siku. Huo ni karibu mtungi mzima, ambao jirani yako hununua kwa mchuuzi wa mkokoteni.

Mshukiwa wa tatu ni tangi la juu. Boya likiharibika, maji hufurika usiku yakati watu wamelala. Ukiona ukuta una unyevu au majani yamestawi chini ya tangi wakati wa kiangazi, mwite fundi apande akatazame boya.

Jikoni, bafuni na uani

Tia ndoo ya lita 10 chini ya mfereji wako na upime inajaa kwa muda gani. Ikijaa kwa dakika 1, basi anayepiga mswaki kwa dakika 3 huku mfereji uko wazi amemwaga lita 30. Kikombe kimoja kingemtosha. Hesabu hiyo hiyo inahusu kuosha vyombo: beseni moja la sabuni na jingine la kusuuzia hutumia maji machache kuliko mfereji unaoachwa ukitiririka hadi sahani ya mwisho.

Kuoga kwa ndoo na kopo, kama wengi wetu tulivyolelewa, bado ni njia bora ya kujua umetumia kiasi gani. Wanaooga kwa bafu la manyunyu wanaweza kufunga maji wakati wa kujipaka sabuni.

Wanaoosha magari kwa mpira wapige hesabu hii. Mpira unaojaza ndoo ya lita 20 kwa dakika 1 hutoa lita 200 kwa dakika 10. Gari dogo linaweza kung'ara kwa ndoo 2 au 3.

Maji ya kusuuzia nguo ndiyo rahisi zaidi kutumiwa tena. Yanafaa kuvutia choo, kupigia deki na kumwagilia miti ya matunda. Masharti yake ni machache: yasiwe na dawa ya kung'arisha nguo, yasiwe yamefuliwa nepi au nguo za mgonjwa, yasihifadhiwe zaidi ya siku moja, na yamwagwe kwenye udongo, si juu ya majani. Usiyatumie kwa mboga zinazoliwa mbichi kama nyanya na vitunguu vya kachumbari.

Bustani isiyokausha tangi

Udongo wa ukanda wetu wa pwani una mchanga mwingi. Maji hupita haraka kabla mizizi haijayafikia, na jua la mchana hunywa yanayobaki juu. Kwa hivyo kumwagilia zaidi si dawa. Dawa ni kuufanya udongo uyashike maji.

Changanya samadi au mboji iliyooza vizuri kwenye tuta. Kisha lifunike kwa matandazo ya nyasi kavu, makuti makuukuu au makumbi ya nazi. Makumbi hunyonya maji na kuyaachia polepole, na katika boma nyingi hapa hutupwa au huchomwa. Acha nafasi ndogo kuzunguka shina ili lisioze.

Mwagilia alfajiri au jua linapotua. Tumia kopo au ndoo yenye matundu na uelekeze maji kwenye shina. Kwa miche ya miembe, minazi au mipapai, toboa tundu dogo chini ya chupa kuukuu ya plastiki, ifukie nusu kando ya mche na uijaze maji. Yatadondokea mizizini kidogo kidogo. Chungu cha udongo kisichotiwa rangi, kikifukiwa hadi shingoni na kufunikwa, hufanya kazi hiyo hiyo kwa tuta zima la mboga.

Chagua pia mimea inayostahimili. Kunde, mchicha na muhogo wa kisamvu huvumilia jua letu kuliko sukumawiki. Anayependa sukumawiki aipande kwenye gunia karibu na jikoni, ambako maji yaliyooshewa mboga na mchele yatafika bila safari ndefu.

Paa lako ni kisima

Mvua za masika hunyesha kwa wingi kati ya Aprili na Juni, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Hupungua kadiri unavyotoka pwani kuelekea bara, upande wa Ganze na Bamba, na huko ndiko kila tone lina thamani zaidi.

Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita mraba 1 ya paa hutoa lita 1 ya maji. Nyumba ya mabati yenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 5 ina paa la mita mraba 40. Mvua moja nzuri ya milimita 25 huangusha lita 1,000 juu yake. Hata tukiondoa sehemu ya tano kwa yanayomwagika na kukauka, zinabaki lita 800, sawa na mitungi 40. Bila gata, maji hayo huchimba mfereji uani na kuelekea baharini.

Si lazima uanze na tangi kubwa. Gata la upande mmoja wa paa na pipa safi lenye kifuniko ni mwanzo mzuri. Acha maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi yamwagike, kwani huosha vumbi na kinyesi cha ndege. Funika mdomo wa tangi kwa wavu. Maji ya kunywa yachemshe hadi yatokote, au uyatie dawa ya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Maji yanayotiririka kwenye paa la makuti yaachie mimea na usafi.

Wenye visima karibu na bahari wana tahadhari yao. Chini ya maji baridi kuna maji ya chumvi, na haya baridi huelea juu kwa sababu ni mepesi. Pampu ikivuta kupita kiasi, ya chumvi hupanda, na kisima kilichoharibika hivyo hukawia kupona. Vuta kidogo kidogo, na kabla ya kuchimba kisima kipya pata kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Mwulize pia afisa wa afya ya umma kuhusu umbali kutoka kwenye vyoo, kwa kuwa mwamba wetu wa matumbawe una nyufa zinazopitisha uchafu upesi.

Mahali pasipofaa kubana

Usibane maji ya kunywa, ya kunawa mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni na kabla ya kula, wala ya kumhudumia mtoto, mgonjwa au mama anayenyonyesha. Kipindupindu hupenya mahali maji safi yanapokosekana, na gharama yake haifanani na ya mtungi.

Maji yanayohifadhiwa nayo yafunikwe. Mbu anayeeneza homa ya dengue huuma mchana na hutaga mayai kwenye maji safi yaliyotulia, kama yale ya mapipa na ndoo. Sugua na usuuze vyombo vya kuhifadhia maji kila wiki, na uondoe vifuu na magurudumu makuukuu yanayotega mvua uani.

Anza wiki hii

Soma mita yako usiku na asubuhi. Jaribu choo kwa chai. Weka beseni la maji ya kusuuzia mahali ambapo kila mtu nyumbani ataliona. Ikiwa wewe ni mwenye nyumba za kupangisha, kagua mifereji ya plotini. Mpangaji hawezi kubadilisha bomba lisilo lake. Walimu wakuu na viongozi wa misikiti na makanisa wanaweza kufanya ukaguzi huo huo, kwa sababu mfereji wa watu wengi ndio ambao hakuna anayejihisi kuwa wake.

Ukiona bomba limepasuka, andika mahali hasa palipo na tatizo na saa uliyoliona. Toa taarifa kwa kampuni inayokuhudumia, iwe MAWASCO kwa wakazi wa Malindi na Magarini au KIMAWASCO kwa walio Kilifi, Mariakani na viunga vyake. Huduma ikichelewa, fika kwa msimamizi wa wadi yako na taarifa hiyo mkononi. Maji yanayomwagika pale barabarani yalikuwa njiani kuelekea nyumba fulani, na huenda nyumba hiyo ni yako.