Kiunga, Kitongoji na Mtaa: Istilahi za Makazi ya Pembezoni mwa Mji

Miongoni mwa maneno yanayowasumbua wafasiri na watayarishaji wa fomu za serikali ni yale yahusuyo makazi yaliyo nje kidogo ya mji, wanakolala watu wafanyao kazi mjini. Aghalabu neno linaloandikwa ni kitongoji. Kwa maana yake ya asili si kosa, kwani kitongoji ni mahali penye nyumba chache kando ya kijiji au mji. Lakini katika mfumo wa serikali za mitaa wa Tanzania Bara, unaotokana na sheria mbili za mwaka 1982 pamoja na marekebisho yake, neno hilo limepewa kazi maalumu. Kijiji hugawanywa katika vitongoji, na kila kitongoji huwa na mwenyekiti wake wa kuchaguliwa. Katika jiji kama Dar es Salaam kata hugawanywa katika mitaa, wala hapana kitongoji.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Mkazi wa Tabata au Mbagala anayehitaji barua ya utambulisho, tuseme ili amdhamini nduguye, huipata katika ofisi ya serikali ya mtaa. Akipewa fomu inayomtaka amwone mwenyekiti wa kitongoji, atamtafuta mtu asiyekuwapo. Huenda akaelekezwa kwa balozi wa nyumba kumi. Naye balozi, ingawa wakati wa chama kimoja alikuwa kiungo cha chama na dola, tangu mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992 ni kiongozi wa shina la chama, si ofisa wa serikali. Neno moja lililowekwa pasipo pake humgharimu mtu huyo nauli ya siku nzima.

Mtaa nao una utata wake. Mtaa wa Kongo, Kariakoo, ni njia yenye maduka pande mbili. Mtaa wenye mwenyekiti na mtendaji ni eneo la utawala. Nchini Kenya hali ni nyingine tena: mtaa wa Buruburu jijini Nairobi ni eneo la makazi lenye nyumba nyingi, na kitongoji duni ni makazi ya watu wa kipato cha chini. Mfasiri anayevusha hati mpakani hana budi kuuliza kwanza ni mtaa wa namna gani.

Kwa maana ya jumla, isiyohusu utawala, sisi tunapendelea kiunga. Hili ni neno la kale la pwani, likiwa na maana ya shamba la miti ya matunda lililo kandokando ya mji. Na jina la Kiungani, nje ya Mji Mkongwe wa Unguja, lingali linashuhudia matumizi hayo. Minazi na miembe imekatwa, nyumba zimejengwa, na neno limebaki na ardhi yake. “Viunga vya Dar es Salaam” hueleweka na kila msomaji, wala halimpeleki yeyote kwenye ofisi isiyo yake.

Katika usafiri wananchi wamekwisha kutufanyia kazi. Daladala ni neno lililozaliwa miaka ya 1980, mabasi ya watu binafsi yaliporuhusiwa na nauli ikawa shilingi tano, sarafu iliyokuwa ikiitwa dala. Nauli imepanda mara nyingi, jina halikubadilika. Tatizo liko kwa mwendokasi. Mabasi yaliyoanza kazi mwaka 2016 kati ya Kimara na katikati ya jiji yaliitwa rasmi Mabasi Yaendayo Haraka, jina refu ambalo abiria aliyechelewa kazini hana nafasi ya kulitamka. Akachukua mwendokasi. Lakini mwendokasi ni pia kosa la dereva barabarani, hata mwandishi wa habari aweza kuandika kwamba mwendokasi umesababishwa na mwendokasi. Twashauri “basi la mwendokasi” kwa chombo, na “kuzidisha mwendo” kwa kosa.

Kuhusu masharti ya kuishi pamoja, yatosha kukumbusha kwamba sheria ndogo hutungwa na halmashauri. Makubaliano ya mkutano wa mtaa juu ya ulinzi au usafi yaitwe makubaliano au maazimio, yasije yakadhaniwa kuwa na nguvu yasiyokuwa nayo.

Mahali pa kukutania ndipo penye utajiri zaidi. Baraza ni kibao cha mawe mbele ya nyumba za Unguja na Lamu. Kutoka hapo likawa kikao, likawa Baraza la Mawaziri, na hata Baraza letu hili la Kiswahili limekalia kibao hicho hicho. Nchini Kenya baraza ni mkutano wa chifu na raia. Maskani, ambayo Bara ni makazi, Zanzibar ni mahali wanapokutana watu kuzungumza, mara nyingi siasa. Na kijiwe, jiwe dogo la kukalia, katika taarifa nyingi hutajwa kwa shuku kana kwamba ni maficho ya wazururaji, ilhali kwa mwendesha bodaboda ndipo anapongojea abiria. Pale halmashauri ilipotenga eneo, hati iandike “kituo cha bodaboda”. Pasipotengwa, iandike kijiwe, bila kuongeza sifa yoyote.