Bei ya Intaneti Mahali Penye Mtandao Mmoja

Vyama vya ushirika vinatakiwa kutuma taarifa zao kwa kutumia MUVU, yaani Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, ulio chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Hivyo kifurushi cha intaneti kimekuwa gharama ya ofisi kama zilivyo karatasi na wino, nacho hulipiwa kwa fedha za wanachama. Wajumbe wa bodi hawana budi kuelewa jinsi bei yake inavyopangwa.

Mwaka 2021 mipaka ya bei iliyotajwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilikuwa kati ya Sh. 2.03 na Sh. 9.35 kwa MB moja ndani ya kifurushi. Kwa hesabu hiyo, GB moja yenye MB 1,024 ingeweza kuuzwa kwa Sh. 2,079 au kwa Sh. 9,574, na muuzaji asiwe amevunja kanuni yoyote. Tarehe 2 Aprili mwaka huo huo vifurushi vilipobadilishwa, wananchi walilalamika sana hata mabadiliko yakasitishwa.

Lakini bei iliyoandikwa siyo bei anayolipa mtumiaji. Tuchukue mfano wa katibu wa chama cha msingi huko Kwamndolwa. Ananunua kifurushi cha wiki cha MB 4,000 kwa Sh. 10,000, yaani Sh. 2.50 kwa kila MB. Mawimbi ni hafifu mchana, saa za kazi. Wiki inakwisha akiwa ametumia MB 1,000 tu. Kila MB aliyoitumia imemgharimu Sh. 10. Mwenye duka la chumvi hawezi kumnyang'anya mteja chumvi iliyobaki jikoni siku ya saba. Mwenye mtandao anaweza.

Hapa ndipo ukosefu wa ushindani unapouma. Bei za vifurushi kwa kawaida hutangazwa kwa nchi nzima, basi mwanakijiji haoni bei ikipandishwa kwake peke yake. Anachopunguziwa ni ubora. Kampuni yenye mnara pekee wenye nguvu haina sababu ya kuharakisha kuuongezea uwezo, kwa kuwa mteja hana pa kukimbilia. Tangu Machi 2017 mtu anaweza kuhama kampuni bila kubadili namba, lakini haki hiyo haina faida ikiwa mawimbi ya kampuni ya pili hayafiki ofisini.

Ni kweli kwamba kujenga mnara vijijini ni ghali, na ndiyo maana Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote hutoa ruzuku. Mwaka 2023 ilitiwa saini mikataba ya minara 758. Hata hivyo mnara mmoja wa ruzuku huleta mawasiliano. Hauleti ushindani, isipokuwa kampuni nyingine nazo zifunge mitambo yao juu yake.

Kabla ya kununua, katibu ajaribu laini za kampuni mbili au tatu akiwa ofisini penyewe, saa nne asubuhi na saa nane mchana, kisha agawanye shilingi kwa MB atakazozimaliza kweli. Vyama jirani vinavyotumia jengo moja vinaweza kuchangia kifurushi kimoja cha mwezi. Ujumbe wa malipo utunzwe pamoja na stakabadhi nyingine, kwani malalamiko hupelekwa kwanza kwa kampuni yenyewe, na yasiposikilizwa, kwa Mamlaka; huko ushahidi huhitajika.