Mikono Inayotetemeka: Tujue Ugonjwa wa Parkinson



Miaka michache iliyopita, mzee mmoja wa kanisa katika parokia niliyoitumikia alianza kutetemeka mkono wa kuume. Siku ya Meza ya Bwana kikombe kilimwagika mbele ya waamini wote. Wengine walinong'ona kwamba anakunywa pombe kwa siri. Wengine walisema amerogwa. Mimi mchungaji wake sikumuuliza neno. Niliondoa tu jina lake katika orodha ya wanaogawa Meza. Hakulalamika. Alihamia kiti cha nyuma, kisha akaacha kuja. Baadaye munganga alimpima, ndipo tukajua jina la taabu yake: Parkinson. Naandika haya ili mwenzangu asirudie kosa langu.

Ni ugonjwa gani?

Munganga James Parkinson aliueleza huko London mwaka 1817. Ndani ya ubongo kuna seli zinazotengeneza dopamini, ambayo husaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili. Seli hizo zinapokufa kidogo kidogo, mkono hutetemeka hata ukiwa umepumzika, viungo hukakamaa, hatua huwa fupi, sauti hushuka, na uso hukosa tabasamu. Mara nyingi dalili nyingine hutangulia kwa miaka: kutosikia harufu, kufunga choo, kupiga kelele na kurusha mikono usingizini.

Hauambukizi. Si laana, wala si ulevi. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani waliishi nao. Lakini si kila anayetetemeka ana Parkinson. Kazi ya kupima ni ya munganga.

Dawa

Dawa inayosaidia zaidi ni levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Haiponyi, ila inarudishia mtu mwendo wake. Imezwe kwa saa zilezile kila siku, yapata nusu saa mbele ya chakula, kwa sababu nyama, samaki na maharage vinaweza kuipunguzia nguvu. Isikatwe kwa ghafula: ni hatari.

Mwambieni muuguzi kila mara kwamba mgonjwa ana Parkinson. Metoklopramidi, inayotolewa kwa kutapika, na haloperidoli, inayotolewa kwa waliochanganyikiwa, huzidisha ugonjwa huu. Mbegu za upupu kweli zina levodopa ndani yake, lakini kipimo chake hakijulikani nyumbani. Msizitumie bila munganga.

Mwili ufanye kazi

Mpaka sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kusimamisha ugonjwa huu. Ndiyo sababu watafiti wanaangalia sana mazoezi. Huko Uholanzi, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2019, wagonjwa waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliendesha baiskeli isiyotembea, nyumbani, mara tatu kwa juma. Lingine lilinyoosha viungo tu. Baada ya miezi sita, dalili za mwendo ziliongezeka kidogo sana kwa wale wa baiskeli kuliko kwa wengine.

Sisi hatuna baiskeli za namna hiyo, lakini tuna milima! Kutembea kwa haraka mpaka pumzi iongezeke, mara kadhaa kwa juma, kunawezekana. Miguu ikigoma kama imegandishwa chini, mgonjwa ahesabu moja, mbili, au aimbe wimbo wenye mapigo na kukanyaga kwa kuufuata. Kuimba kwaya na kusoma kwa sauti kubwa huifanyisha sauti kazi. Nyumbani, ondoeni vitu vya kumkwaza na muache taa usiku, maana kuanguka kunavunja wengi.

Kwa ndugu wakulima: dawa fulani za kupulizia mashamba, kama parakwati, zimehusishwa na ugonjwa huu. Jikingeni mikono na pua, na chupa zake zisiwekewe maji ya kunywa.

Kazi ya kanisa

Tuombee wagonjwa bila kuchoka, lakini tusimwambie mtu atupe dawa ili kuonyesha imani. Mikono ya Musa ilipochoka vitani, Haruni na Huri hawakumwondoa kilimani. Walimletea jiwe la kukalia, wakashika mikono yake, mmoja huku na mmoja huku, hata jua likatua.

Nilikwenda kwa yule mzee kuomba msamaha. Alicheka kidogo, kwa ule uso wake usiocheka kirahisi, akaniuliza: «Mchungaji, kikombe kingali kizito?» Leo anagawa mkate, na kijana mmoja anashika sahani pamoja naye.

Siku ya Mungu ijayo, tazameni viti vya nyuma. Nani ameacha kuja, na nani alimuuliza sababu?